Kifurushi cha MIT chenye GPL ndani: uchambuzi wa kisa cha mimemagic

Jumatano ya tarehe 24 Machi 2021, waandishi wa programu wanaotumia Ruby on Rails, mfumo wa kujengea tovuti, walikuta kazi imekwama. Amri ya `bundle install`, inayoshusha vifurushi ambavyo programu inavihitaji na iliyopita salama jana yake, sasa ilikataa na kueleza kwamba mimemagic 0.3.5, toleo lililofungwa katika `Gemfile.lock`, halipatikani tena na kwamba mwenyewe ameliondoa. Seva za majaribio zilishindwa kujenga programu, na matoleo yaliyokuwa tayari kwenda kwa wateja yakasimama. Wengi walikuwa wakilisikia jina la mimemagic kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hawakuwahi kuliandika katika `Gemfile`, orodha yao ya vifurushi.

Chanzo cha yote kilikuwa leseni ya faili moja la data. Kisa hiki kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua, maana karibu kila swali la leseni analokutana nalo mwandishi wa programu limo ndani yake: leseni inashika kitu gani hasa, wajibu unaanza lini, MIT na GPL, leseni mbili za programu huria, zikikutana nini hutokea, na mtu afanye nini siku anapogundua kuwa lebo ya kifurushi haifanani na yaliyomo.

Mnyororo wenyewe

mimemagic ni maktaba ndogo ya Ruby yenye kazi moja, kutambua aina ya faili. Mtu anapopakia picha, programu haiwezi kuliamini jina la faili peke yake, kwa sababu yeyote anaweza kulipa faili la hatari jina linaloishia na `.png`. Kwa hiyo maktaba husoma baiti za mwanzo. Faili halisi la PNG huanza na baiti 89 50 4E 47, na la PDF huanza na herufi `%PDF`. Ili kuzijua alama za mamia ya aina za mafaili, maktaba inahitaji jedwali kubwa.

Rails ilipoleta Active Storage, sehemu yake ya kushughulikia mafaili yanayopakiwa, katika toleo la 5.2 mwaka 2018, kazi hiyo ya utambuzi ilikabidhiwa kifurushi kiitwacho marcel, na marcel ikaitegemea mimemagic. Mnyororo ukawa hivi: rails inaivuta activestorage, activestorage inaivuta marcel, marcel inaivuta mimemagic. Aliyeandika mstari mmoja tu, `gem 'rails'`, alipokea vifurushi vyote hivyo, kila kimoja na leseni yake. Rails ni MIT. marcel ilikuwa MIT. mimemagic nayo, kwa lebo yake, ilikuwa MIT.

Jedwali la mimemagic, hata hivyo, lilikuwa na asili nje ya mradi. Lilitokana na faili liitwalo `freedesktop.org.xml`, mali ya mradi wa shared-mime-info ulio chini ya freedesktop.org, ambao mazingira ya Linux kama GNOME na KDE huutegemea kutambua mafaili. Skripti ililisoma faili hilo na kuzalisha `tables.rb`, yaani data ileile katika umbo la Ruby. shared-mime-info imetolewa kwa GPL, na maelezo ya mwanzo wa faili lile la XML yanasema kwamba hifadhidata hiyo iliunganishwa kutoka hifadhidata kadhaa zilizotangulia, zote zikiwa za GPL. Yeyote aliyelifungua faili angeyasoma. Mhusika wa shared-mime-info alipogundua matumizi hayo aliwaandikia wenye mimemagic, akaeleza kwamba kifurushi kinachobeba data yao hakiwezi kutolewa kwa MIT.

Kwa nini lebo ya MIT haikuwa na nguvu

MIT inadai jambo moja: ukisambaza nakala, iambatanishe na tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni. Ukishafanya hivyo unaweza kuuza, kufunga msimbo, au kuuchanganya na chochote. GPL, ambayo ndiyo leseni mashuhuri zaidi ya kopilefti, inadai zaidi. Ukisambaza kazi iliyobeba sehemu ya GPL, kazi nzima itolewe kwa GPL, na anayeipokea apate msimbo chanzo wake pamoja na haki ya kuubadilisha na kuusambaza.

Kutokana na tofauti hiyo, mchanganyiko huenda upande mmoja. Msimbo wa MIT unaruhusiwa kuingia katika kazi ya GPL, kwa sababu GPL inaweza kuyabeba masharti madogo ya MIT. Kinyume chake hakiwezekani. Data ya GPL ikiingia katika kazi yenye lebo ya MIT, lebo hiyo inawaahidi watumiaji uhuru ambao mwenye data hakuutoa. Mwandishi wa mimemagic alimiliki msimbo wake na alikuwa na kila haki ya kuutoa kwa MIT. Data hakuimiliki, na hakuna awezaye kutoa asichokuwa nacho.

Hapa wengi huuliza: je, mtumiaji aliyepokea 0.3.5 kwa nia njema, akiamini ni MIT, analindwa na nia hiyo? Nia njema inaweza kupunguza lawama na pengine fidia, lakini haimpi leseni ambayo haikuwahi kutolewa. Kilichomlinda kimo ndani ya GPL toleo la 2 yenyewe. Kifungu cha 6 kinasema kila anayepokea kazi hupewa leseni moja kwa moja na mwenye haki wa kwanza, yaani shared-mime-info. Kifungu cha 4 kinasema anayekiuka masharti hupoteza haki zake papo hapo, ila waliopokea nakala kutoka kwake hawazipotezi maadamu wao wenyewe wanayatimiza. Kwa maneno mengine, mtumiaji wa 0.3.5 alikuwa na leseni halali mkononi. Ilikuwa GPL, naye hakujua.

Kulikuwa na hoja ya upande wa pili inayostahili kusikilizwa: je, orodha ya aina za mafaili ina hakimiliki hata kidogo? Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1991, katika kesi ya Feist dhidi ya Rural Telephone, kwamba ukweli mtupu hauna hakimiliki, na kwamba jasho la kuukusanya halitoshi kuipata. Kwamba PNG huanza na baiti 89 50 4E 47 ni ukweli wa namna hiyo. Lakini faili lile lina uteuzi, mpangilio, kanuni za kupima alama na maelezo yaliyotafsiriwa kwa lugha nyingi, na Ulaya ina haki ya pekee ya hifadhidata tangu Maelekezo ya 96/9/EC ya mwaka 1996. Hoja ya Feist ni ya mawakili kuipigania mahakamani baada ya ugomvi kuzuka. Mwandishi wa programu asiijengee bidhaa juu yake wakati njia salama zipo.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam asidhani hili ni jambo la Marekani na Ulaya pekee. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Tanzania ya mwaka 1999 zinalinda programu za kompyuta, na nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Berne. Msimbo usio na leseni yoyote, hata ukiwa wazi kwa kila mtu kwenye GitHub, haujampa mtu ruhusa ya kuunakili.

Uamuzi wa siku ile

Msimamizi wa mimemagic alichukua hatua mbili. Alitoa matoleo mapya, 0.4.0 na 0.3.6, yenye leseni ya GPL-2. Kisha akayaondoa matoleo ya zamani ya mfululizo wa 0.3 kutoka RubyGems.org, hazina kuu ya vifurushi vya Ruby, 0.3.5 likiwemo.

Hatua ya pili ndiyo iliyosimamisha kazi za watu, na ndiyo iliyolaumiwa zaidi. Toleo likiondolewa RubyGems kwa amri ya `gem yank`, Bundler (zana yenye amri ya `bundle install`) hailioni tena, na faili la kufungia matoleo linabaki likielekeza mahali patupu. Jamii ya JavaScript ilikwisha kuyaona hayo Machi 2016, kifurushi cha left-pad kilipoondolewa kwenye npm, hazina yao ya vifurushi. Hata hivyo lawama zile zilipita kiasi. GPL toleo la 2 haina muda wa kujirekebisha, na haki hukoma pale pale masharti yanapokiukwa. Msimamizi aliyeandikiwa na mwenye haki, akaendelea kusambaza matoleo yaleyale, angekuwa anakiuka kwa kujua. Toleo la 3 la GPL ndilo lililoleta nafuu: mkiukaji wa mara ya kwanza akijirekebisha ndani ya siku 30 tangu apokee taarifa, haki zake hurudi kikamilifu.

Kilichokosekana ni ombi la barua moja. Mwenye hakimiliki anaweza kuruhusu kwa maandishi kwamba matoleo ya zamani yabaki kwa wiki mbili, mbadala ukiandaliwa na tangazo likitolewa. Ukikumbwa na hali hii katika mradi wako, omba muda huo kabla ya kugusa kitu chochote. Wenye miradi ya GPL kwa kawaida wanachotaka ni masharti yatimizwe, na kuvunja programu za watu wasiohusika hakuwasaidii.

Hatua ya kwanza ilikuwa na hatari iliyojificha zaidi, na kwa tathmini yetu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko ile ya kuondoa matoleo. marcel 0.3.3 ilieleza hitaji lake hivi: `mimemagic ~> 0.3.2`, yaani toleo lolote kuanzia 0.3.2 lakini chini ya 0.4. 0.3.6 limo ndani ya kiwango hicho. Mtu aliyekimbilia kuandika `bundle update mimemagic` aliona kila kitu kimepona, majaribio yakapita, akapandisha programu yake. Alichofanya kwa hakika ni kukubali mabadiliko ya leseni kutoka MIT kwenda GPL kupitia tarakimu ya mwisho ya namba ya toleo, tarakimu ambayo kila mmoja huichukulia kuwa ya marekebisho madogo. Bundler hulinganisha namba, leseni haiitazami. Ukibadilisha leseni ya mradi wako, panda tarakimu ya kwanza ya toleo, tangaza katika README na katika orodha ya mabadiliko, na usiwarudishie watu wa mfululizo wa zamani leseni mpya.

Njia za kutoka, na thamani ya kila moja

Njia ya haraka iliyosambaa siku ile ilikuwa kuielekeza `Gemfile` kwenye hazina ya GitHub, katika hatua (commit) ya zamani iliyolingana na 0.3.5. Ujenzi ulipona. Suala la leseni lilibaki vilevile, sasa likiwa na ushahidi kwamba mhusika alilijua. Kwa seva ya ndani hilo lingevumilika siku mbili tatu. Kwa bidhaa inayopelekwa kwa wateja halikufaa hata kwa siku moja.

Njia ya 0.3.6 tumeieleza. Ilikuwa halali kabisa kwa aliyekuwa tayari kutoa kazi yake yote kwa GPL.

Siku zilizofuata yakaja matoleo ya 0.3.7 hadi 0.3.10, yaliyorudi kwenye MIT kwa ufundi mzuri: data ilitolewa ndani ya kifurushi. Badala ya kuibeba, mimemagic sasa inaitafuta kwenye mfumo wa kompyuta, kwa kawaida `/usr/share/mime/packages/freedesktop.org.xml`. Kwenye Debian na Ubuntu faili hilo huja kwa `apt-get install shared-mime-info`, kwenye Alpine kwa `apk add shared-mime-info`, kwenye Mac kwa `brew install shared-mime-info`. Likiwa mahali pengine, utaje mahali hapo kwa `FREEDESKTOP_MIME_TYPES_PATH`.

Waliochagua njia hii walikwama mara nyingi mahali pamoja. Imeji nyembamba za Docker, yaani vifurushi vyenye programu pamoja na mfumo wa kuiendesha, hazina shared-mime-info, hivyo `bundle install` inashindwa kwa ujumbe kwamba hifadhidata ya aina za mafaili haikupatikana. Amri ya kuisakinisha lazima itangulie `bundle install` ndani ya Dockerfile. Na kwa wanaojenga imeji kwa hatua mbili, moja ya kujenga na nyingine ya kuendesha, kifurushi hicho kiwekwe katika hatua zote mbili. Wakati wa usakinishaji mimemagic huandika tu njia ya kulifikia faili, na data yenyewe huisoma programu inapowaka. Ukiiweka katika hatua ya kujenga pekee, ujenzi utafaulu na programu itaanguka ikifika kwa mteja.

Kwa nini mpangilio huu unaondoa tatizo? Kwa sababu kifungu cha 2 cha GPL toleo la 2 kinasema wazi kwamba kuweka kazi mbili tofauti kwenye chombo kimoja cha usambazaji hakuifanyi ya pili kuwa ya GPL. shared-mime-info inabaki GPL, mimemagic inabaki MIT. Angalia lakini: ukimkabidhi mteja imeji yenye shared-mime-info ndani, masharti ya GPL kwa kifurushi hicho kimoja ni juu yako. Mpe msimbo chanzo wake, au ahadi ya maandishi ya kuutoa inayodumu angalau miaka 3. Hayo hayo yanahusu Bash na vifurushi vingine vingi vya GPL vilivyomo katika imeji hiyo, jambo ambalo timu nyingi hazijawahi kulifikiria.

Suluhisho lililodumu lilitoka kwa watu wa Rails wenyewe. Tarehe 26 Machi 2021, siku mbili baada ya tukio, yalitoka Rails 5.2.5, 6.0.3.6 na 6.1.3.1, yote yakitumia marcel mpya ya 1.0 isiyoitegemea mimemagic hata kidogo. marcel ilichukua data ya aina za mafaili kutoka Apache Tika, mradi wenye leseni ya Apache 2.0, na ikayataja hayo waziwazi: msimbo wake ni MIT, data ile ni Apache 2.0, na maandishi ya leseni zote mbili yamo katika hazina. Waliondoa kitu chenye sharti wasiloweza kulitimiza, wakaweka kingine kinachofanya kazi ileile chini ya sharti wanaloliweza. Apache 2.0 inadai utunze matamko, utaje mafaili uliyoyabadilisha, na uambatanishe faili la NOTICE kama lipo. Nyongeza yake kubwa juu ya MIT ni leseni ya hataza, inayompa mtumiaji kinga dhidi ya waliochangia msimbo.

Kwa upande wa kazi: pandisha namba ya Rails ndani ya `Gemfile`, endesha `bundle update rails`, kisha `grep mimemagic Gemfile.lock`. Ikirudisha kitu, kuna kifurushi kingine kinachoivuta. Paperclip, iliyoachwa na wenyewe tangu 2018, ni mojawapo, na programu nyingi za zamani bado ziliitumia. Baada ya hapo pima upya upakiaji wa mafaili. Hifadhidata imebadilika, hivyo aina fulani za mafaili zinaweza kupewa jina tofauti na la awali, na kama programu yako ina orodha ya aina zinazoruhusiwa, faili lililokuwa likipita linaweza kukataliwa.

Nani alidaiwa nini

Hofu iliyoenea wakati ule, kwamba kila programu ya Rails imegeuka kuwa ya GPL, haikuwa sahihi. GPL hugusa usambazaji. Kifungu chake cha mwanzo kabisa kinasema kuendesha programu hakuna kizuizi. Kampuni iliyokuwa na tovuti yake juu ya Rails, watu wakiitumia kwa kivinjari, haikuwa imemkabidhi mtu nakala ya chochote, na kwa hiyo haikudaiwa msimbo wake. Programu nyingi za Rails zimo katika kundi hili. Jibu lingekuwa tofauti kama data ile ingekuwa ya AGPL toleo la 3, kwani kifungu chake cha 13 kinamtaka aliyebadilisha programu na kuitoa huduma kupitia mtandao awape watumiaji wa mtandaoni msimbo wake.

Kundi la pili ndilo lenye deni: wanaokabidhi nakala. Humo yumo anayeuza mfumo unaosakinishwa kwenye seva ya hospitali au chama cha akiba na mikopo, anayepeleka imeji ya Docker kwa mteja, anayeuza kifaa chenye programu ndani, na pia fundi wa mkataba anayemaliza kazi na kumkabidhi mteja msimbo wote pamoja na folda ya `vendor`. Huyu wa mwisho husahaulika sana katika nchi zetu, ambako kazi nyingi za programu ni za mkataba na makabidhiano. Makabidhiano ni usambazaji. Msimamo wa Free Software Foundation, shirika lililotoa GPL, ni kwamba programu na maktaba zinazoendeshwa pamoja katika kumbukumbu moja, zikiitana kazi kwa kazi, ni kazi moja kwa mujibu wa GPL. Kwa fundi aliyeahidi katika mkataba kwamba kazi ni mali ya siri ya mteja, ahadi hiyo na GPL haziwezi kutimizwa kwa pamoja.

Na lipo kundi la tatu, la miradi huria iliyotumia mimemagic. Mradi wa MIT ungeweza kuendelea kwa kutangaza kwamba mkusanyiko mzima unasambazwa kwa GPL. Mradi wenye msimbo wa Apache 2.0 ungekuwa pabaya kidogo, kwa sababu Apache 2.0 haipatani na GPL toleo la 2 likiwa peke yake. Hupatana na toleo la 3. Ndiyo maana maneno "toleo la 2 pekee" na "toleo la 2 au la baadaye" si mapambo. Katika vitambulisho vya SPDX, orodha ya majina sanifu ya leseni, ni `GPL-2.0-only` na `GPL-2.0-or-later`, na tofauti yake inaweza kuamua kama kazi yako inaruhusiwa kuwepo.

Kwa nini vikaguzi havikuona

Kampuni kadhaa zina kikaguzi cha leseni kinachoendeshwa kila msimbo mpya unapoingia. Kwa kisa hiki vingi havikusaidia. Amri ya `bundle licenses` husoma neno lililoandikwa katika faili la maelezo ya kifurushi. Zana kama license_finder nayo, kwa matumizi yake ya kawaida, hutegemea maelezo hayo na faili la LICENSE, sawa na pip-licenses kwa Python na license-checker kwa Node. mimemagic 0.3.5 ilijitangaza kuwa MIT, kwa hiyo zote zingeandika MIT na kuipitisha.

Kinachohitajika ni kukagua yaliyomo. ScanCode hufungua kila faili na kutafuta maneno ya leseni na hakimiliki popote yalipo, hadi ndani ya maelezo ya XML. Endesha `scancode --license --copyright --json-pp matokeo.json vendor/` baada ya kushusha vifurushi vyote kwa `bundle package` na kuvifungua kwa `extractcode vendor/`. Ni kazi ya polepole na itakupa majibu mengi ya uongo, kwa mfano neno GPL lililotajwa tu ndani ya mwongozo. Kwa hiyo isiendeshwe kila siku. Iendeshe kabla ya toleo kubwa na kila unapoongeza kifurushi kipya, kisha hifadhi matokeo, ili mara inayofuata uangalie tofauti pekee.

Hata ScanCode ina kipofu chake. Lingebaki `tables.rb` peke yake, bila faili la XML lililolizaa na bila maelezo ya asili yake, isingeona kitu. Kwa hilo hakuna zana. Ukikuta jedwali kubwa, orodha ya maneno, fonti, ramani, au data ya kufundishia modeli ndani ya maktaba, uliza ilitoka wapi. Kwa uzoefu wa visa vya aina hii, msimbo hukaguliwa na wengi na data huachwa ipite.

Ukiwa wewe ndiye mwandishi wa maktaba

Mtu akiuliza achague leseni gani, swali la kwanza la kumrudishia ni hili: ndani ya kazi yako kuna nini kisichokuwa chako? Mwandishi wa mimemagic alipoamua kutumia data ya shared-mime-info, uamuzi wa leseni ulikuwa umeshafanyika. Zilibaki njia tatu: kuitoa kazi kwa GPL tangu mwanzo, kuisoma data kutoka kwenye mfumo kama 0.3.7 ilivyokuja kufanya, au kutafuta data nyingine kama marcel 1.0.

Orodha ya vya wengine ikiwa tupu, au ikiwa na MIT, BSD na Apache 2.0 pekee, ndipo una uhuru wa kuchagua. Kwa maktaba unayotaka itumiwe na kila mtu, Apache 2.0 ni bora kuliko MIT kama kuna uwezekano wowote wa hataza, la sivyo MIT inatosha. Ukitaka marekebisho ya mafaili yako yarudi kwa jamii bila kugusa msimbo wa wengine, ipo MPL 2.0, ambayo sharti lake huishia kwenye mipaka ya faili. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa wenye mizizi Eldoret, hutumia MPL 2.0 pamoja na tamko la ziada la huduma za afya, na kwa mfumo ambao hospitali na wizara hujengea moduli zao wenyewe huo ni uteuzi mzuri. GPL na AGPL ni za mwenye nia ya dhati kwamba kazi yake isifungwe kamwe, na hakuna cha kuona haya katika kuzichagua. Katika kisa hiki GPL ilifanya hasa kile ilichoandikiwa kufanya.

Kisha andika ulichoamua mahali zana zinapopasoma. Katika faili la maelezo ya kifurushi tumia kitambulisho kamili cha SPDX. Kama kuna leseni zaidi ya moja, zitaje zote, na weka vya wengine katika folda yao pamoja na maandishi ya leseni yao. Mwanzoni mwa kila faili weka mstari wa `SPDX-License-Identifier`. Skripti inayozalisha faili jipya kutoka kwenye data ya wengine lazima iinakili na leseni yake kwenye faili linalozalishwa, na hili ndilo lingeizuia mimemagic mapema kabisa. Mpango wa REUSE una amri ya `reuse lint` inayokataa mradi wenye faili lolote lisilo na tamko. Iweke katika majaribio yako ya kila siku.

Waliobaki na 0.3.5 ndani ya `vendor/cache` au katika imeji za zamani wana kazi ndogo iliyosalia. Kwa seva yako mwenyewe, pandisha Rails na ufute nakala ile. Kwa nakala zilizokwisha kukabidhiwa wateja, pelekeni toleo jipya lenye marcel 1.0, na kumbukumbu ya mabadiliko itaje sababu kwa jina. Imeji za zamani zilizoko kwenye rejista ambayo wateja wanashusha ziondolewe, kwa sababu kila inaposhushwa ni usambazaji mpya.